Bafta ya Dada

Daktari alinionyesha doa kwenye kompyuta kwa ncha ya kalamu. Lilikuwa kwenye pafu la kulia, upande wa chini, dogo kama punje ya choroko. Nilivaa miwani nikalitazama kwa makini, kama nilivyozoea kutazama daftari la mtoto ninayemshuku kwamba amenakili. Sikuona cha kuniua. Niliona choroko.

"Huenda ule ugonjwa umetembea," alisema. Alikuwa mama wa makamo, mgeni wa mkoa wetu, na alikuwa na tabia nzuri ya kumtazama mtu usoni anapompa habari mbaya. "Huenda pia ni kovu la zamani, au ni kitu ulichovuta na hewa. Kwa udogo huu sindano haitalipata. Tusubiri miezi mitatu, tupige picha nyingine. Likiwa limekua, tutajua."

"Na kama halijakua?"

"Tutasubiri tena, tupige tena."

Miaka miwili nyuma nilikuwa nimekatwa titi la kushoto Dar es Salaam, nikapewa zile dawa zinazonyoa nywele bila wembe, nikatapika mpaka nikamaliza msamiati wa kutapika. Kisha nikarudi Newala nikijiona nimehitimu. Sasa nimekaa Mtwara mbele ya choroko, naambiwa nirudi darasani na mtihani wenyewe haujatungwa.

Daktari aliniuliza maswali yake. Kikohozi nilikuwa nacho? Nilikuwa nacho, kikavu, wiki ya tano. Nimewahi kuugua kifua kikuu? Hapana. Navuta sigara? Nikamwangalia tu. Nafanya kazi gani?

"Mwalimu mstaafu," nikajibu, naye akaandika.

Sikusema neno juu ya mikorosho. Sikuificha. Huku uwandani kwetu kuwa na mikorosho si kazi ya kumtajia daktari, ni kama kuwa na jiko. Padri anayo, muuguzi anayo, mwenye duka la dawa anayo, na mganga wa kienyeji anayo kuliko wote. Ukimuuliza yeyote kati yao kazi yake, korosho hatazitaja. Nami sikuzitaja, nikapanda basi la Newala na kikohozi changu.

*

Dada yangu alinitangulia kufika nyumbani. Tumebaki wawili tu, yeye wa kwanza na mimi wa pili. Anakaa Lisekese, Masasi, ni mjane kama mimi, na kwa zaidi ya nusu ya maisha yake amekuwa akifua na kupiga pasi vitambaa vya altare kanisani kwao. Hana haraka, hana kelele, na hajawahi kushindwa ubishi kwa sababu habishani. Anafanya analotaka huku amenyamaza.

Nilimkuta amekaa barazani juu ya sanduku lake la bati. Kando yake palikuwa na kuku amefungwa miguu na furushi la ming'oko, vile viazi vya porini tunavyochimba wakati wa baridi. Anajua kwamba kwa ming'oko mimi husamehe mengi.

"Shikamoo dada."

"Marahaba mdogo wangu. Wamesemaje?"

"Wamesema wanasubiri."

"Wanasubiri nini?"

"Wanasubiri kujua wanachosubiri."

Alinitazama kifuani, upande uliobaki na upande usiobaki, akanyanyua sanduku akaingia nalo ndani. Hapo nikajua hakuja kunitembelea. Amekuja kukaa mpaka mwisho, na mwisho alikuwa ameshauchagua.

Kesho yake ulinzi ukaanza. Aliweka kiti cha mgongo barazani, akakitandikia khanga, akanikalisha. Uji ulikuja saa moja, saa nne na saa kumi. Nikimwambia sitaki, anasema mgonjwa haulizwi uji. Mimi nimefundisha methali kwa miaka mingi na hiyo ni moja ya zile nisizozipenda, maana anayeisema kila mara ndiye mwenye kijiko.

Watu wakaja kunipa pole. Walikaa kwenye mkeka na nyuso za msibani, wakaleta mayai, wakazungumza kwa sauti ya chini wao kwa wao kana kwamba nilikatwa masikio. Mama mmoja aliyesoma kwangu darasa la tatu alinishika mkono akasema, "Mwalimu, subira yavuta heri." Nikamwambia subira yangu inavuta mkia wa ng'ombe, na ng'ombe mwenyewe sijamwona. Hakucheka. Hakuna aliyethubutu kucheka mbele yangu wiki hiyo, na hilo ndilo lililoniudhi kuliko doa.

Kwa sababu nilikuwa na hasira. Nitasema wazi: nilikuwa na hasira na doa, na kompyuta, na wenye mapafu mazima wanaopita barabarani wakiimba. Na niliogopa pia. Hofu haikunijia nikiwa nimekaa nikiwaza, maana hapo nilikuwa nimejiandaa. Ilinijia nikitia chumvi kwenye mboga, au nikitafuta kifungo cha gauni, na mikono ikasimama yenyewe. Nikishtuka najikuta nimeshika kijiko, mboga inaungua.

Basi nikaamua. Miezi mitatu ni yangu. Ikiwa ndiyo ya mwisho, sitaimaliza kwenye kiti cha mgongo. Na ikiwa si ya mwisho, itakuwa aibu kubwa kuwa nimeipoteza kwa kunywa uji.

*

Ulikuwa mwezi wa saba, na huku kuanzia mwezi wa sita ni msimu wa salfa. Mikorosho ikianza kutoa maua hushambuliwa na ukungu, ubwiriunga tunauita, na usipopuliza unga wa salfa maua yanakauka, hupati korosho. Watu huingia shambani alfajiri, umande ungali kwenye majani, upepo umelala, ili unga ushike. Mtu anabeba mashine mgongoni, anaelekeza bomba juu kwenye mti, na wingu la manjano linafunika mti, linamfunika na yeye. Kazi hiyo nilimpa jirani yangu na vijana wake wawili kutoka Mnyambe, na mimi kila mwaka nilikuwa nasimama palepale chini ya miti, naonyesha tawi lililosahauliwa. Mwalimu hawezi kukaa mbali na kosa.

Asubuhi niliyoamua kwenda, sikuviona viatu vyangu vya mvua. Viatu vile virefu vya mpira havina miguu ya kwenda vyenyewe. Dada alikuwa amekwenda kisimani, yaani lile tangi la saruji la kuvunia mvua nyuma ya nyumba. Maji ya huku hatuyachezei, kwa hiyo huchota polepole, akichungulia kimo chake kila ndoo. Nilikuwa na muda. Nikachungulia uvunguni, nikachungulia nyuma ya mlango wa stoo. Kisha nikafungua sanduku la bati.

Viatu vyangu vilikuwemo. Vimelazwa kwa adabu, vimefutwa udongo. Na chini yake palikuwa na bafta.

Nguo nyeupe mpya, imekunjwa mara nyingi, na mikunjo imepigwa pasi. Hakuna mtu mzima wa huku asiyejua bafta ya namna hiyo ni ya nini. Kwenye ukoo wetu nguo ya kumfunika marehemu hutoka upande wa mama, na mwenye jukumu ni binti mkubwa aliye hai. Ikinunuliwa na wengine, hata ndugu wa mume, tutasimangwa vizazi viwili. Nikaitoa. Nikakanyaga ncha moja kwa vidole vya mguu na kuinyanyua nyingine. Ilinipita kichwa, ikabaki ya kukunja huku na huku. Dada amekuwa akinishonea magauni tangu nikiwa na miaka sita bila kunipima kwa futi, na safari hii pia alikuwa amekisia sawasawa.

Nilikaa kitandani nikaiweka mapajani. Sikulia. Nilikuwa nasubiri mtu wa kumpigia kelele.

Aliingia na ndoo kichwani, akaniona, akaitua taratibu bila kumwaga tone.

"Hii ya nani?" nikamuuliza.

Akavua kata kichwani, akaikunja.

"Dada, nakuuliza kwa heshima zote. Hii ya nani?"

"Unajua ya nani."

"Daktari mwenyewe hajui nina nini. Wewe umejulia wapi, kwenye pasi?"

Akakaa sakafuni, mgongo ukutani. Mikono yake ilikuwa na maji, akaipangusa kwenye khanga kidole kimoja kimoja. Alipoongea sauti ilikuwa ileile ya siku zote.

"Mama alikufa Jumapili," alisema. "Wewe ulikuwa chuoni, ulifika keshoye ameshazikwa. Maduka yalikuwa yamefungwa. Nilizunguka Masasi nzima kwa miguu natafuta nguo nyeupe. Nikarudi mikono mitupu. Tukamfunika pazia la mjomba, lile la maua mekundu. Nilisema sitazika mtu wangu tena kwa pazia."

Sikuwa nimelijua jambo hilo. Miaka yote hiyo nilidhani mama alizikwa kama watu wanavyozikwa, na mwenzangu alikuwa akitembea na pazia lile kichwani, akinyoosha vitambaa vya watu. Nilitaka kumkumbatia, na nilitaka kumnasa kibao. Vyote viwili kwa wakati mmoja, na ninaapa sijui kipi kilikuwa na nguvu zaidi.

"Mimi sijafa," nikasema.

"Najua."

"Hujui. Ungejua usingeficha viatu."

Nikavaa viatu vyangu mbele yake. Bafta nikaikunja nikaiweka kwapani, nikaenda nayo sebuleni kwenye cherehani.

*

Kilichonifanya nikate barakoa na si kitu kingine, sijui. Ningeweza kukata foronya. Labda ni kikohozi kilichonibana wakati ule ule nikitia uzi kwenye sindano, nikakohoa mpaka macho yakatoa machozi, na nilipoyafuta nikaona kwenye pindo la leso unga wa manjano wa shambani, wa kabla ya safari ya Mtwara. Nilikuwa nimeuona unga huo tangu nikiwa mwalimu kijana. Wanafunzi wangu walikuwa wakiupiga chafya darasani na kucheka.

Nilikata vipande, nikavikunja tabaka tatu, nikatia kamba. Mkasi ulipoingia mara ya kwanza ulitoa sauti ambayo dada aliisikia kutoka jikoni. Alikuja akasimama mlangoni. Nikamwangalia, nikaendelea kukata. Kwa mara ya kwanza kimya chake hakikunishinda.

Alfajiri iliyofuata nilikuwa shambani na barakoa kwenye kikapu. Jirani yangu ni mtu mzima, mcha Mungu, ndiye hutangulizwa kuswalisha pale imamu anapokuwa safarini. Alipokea yake, akaisugua kati ya vidole viwili, akanirudishia kwa mikono miwili.

"Mwalimu, mimi nakuheshimu. Lakini hii ni sanda."

"Hii ni bafta ya dukani. Inakuwa sanda ikishamfunika maiti. Wewe ni maiti?"

"Mimi? Hapana Mwalimu."

"Na mimi?"

Akanitazama. Nilikuwa nimevaa viatu vya mvua, koti refu la kazi la marehemu mume wangu, na barakoa nyeupe mpaka chini ya macho. Mashavu yake yakaanza kutetemeka.

"Mwalimu," alisema, "kwa kweli sina hakika."

Akacheka. Vijana wake wakacheka. Nikacheka na mimi mpaka nikalishika shina la mkorosho, na kicheko hicho ndicho kitu cha kwanza kizuri kilichoingia kifuani mwangu tangu Mtwara. Wakavaa. Mashine zikawaka. Tulionekana kama maiti wanne wanaopuliza miti yao wenyewe, wasiotaka kuwaachia warithi.

Nilienda kila siku ya salfa iliyobaki. Dada aliacha kuficha viatu. Uji ukapungua hadi mara moja, kisha ukaisha. Na mwezi wa nane ulipokuwa unakwisha nikagundua jioni moja kwamba tumekaa tukichambua mbaazi toka mwanzo wa kikapu hadi mwisho na sijakohoa.

Dada aligundua pia. Aliacha mbaazi.

"Ni salfa," alisema, na uso wake ukawa wa msichana. "Ni salfa ilikuwa! Si ule ugonjwa. Mungu mkubwa. Mpigie daktari, mwambie ni salfa."

Hapo ndipo nilipokumbuka karatasi ile ya daktari. Kazi: mwalimu mstaafu. Mama yule aliniuliza kwa Kiswahili chepesi, na mimi niliyekuwa nikiwachapa watoto kwa kutojibu swali lililoulizwa, nikajibu nusu. Niliona haya nikiwa nimekaa na mbaazi mapajani.

Lakini furaha ya dada sikuipokea. Nilimwambia kikohozi na doa huenda hata hawajuani. Akaniuliza kwa nini napenda kujinyima. Nikamjibu kwamba juzi alinizika bila daktari, leo ananiponya bila daktari, na mimi sitaki kufa kwa kukisia wala kupona kwa kukisia. Niliongea kwa ukali, kwa sababu tumaini lilikuwa limeshaingia na lilikuwa linaniumiza kuliko hofu. Hofu nilikuwa nimeizoea, najua inakaa wapi. Lile jingine lilinifanya nianze kuhesabu mvua nitakazoziona.

*

Mwezi wa kumi korosho zilianza kudondoka. Niliwaachia wengine kuokota nikarudi Mtwara. Kwenye mashine ya CT unalala juu ya kitanda chembamba, kitanda kinaingia kwenye tundu, na sauti inakuamrisha: vuta pumzi, zuia. Nikavuta, nikazuia. Choroko yangu ilikuwa humo ndani ikipigwa picha nami. Nikaiambia kimoyomoyo: kaa unavyotaka, mimi kesho nina kazi.

Mbele ya daktari sikusubiri aniulize.

"Mama daktari, safari ile nilijibu swali lako vibaya. Mimi ni mkulima wa korosho. Navuta salfa kila mwaka tangu ilipoletwa huku."

Akaweka kalamu chini.

"Nina miaka minne hapa," alisema. "Kila mtu namuuliza anafanya kazi gani. Mmekuwa walimu, mafundi, mashemasi, wauza samaki. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniambia analima korosho. Mbona barabara nzima ni korosho tupu?"

"Ndiyo hivyo, mama. Hatukujua kama ni kazi."

Alicheka, kisha akageuza kompyuta. Akazipanga picha mbili, ya mwezi wa saba na ya leo. Nikavaa miwani. Choroko ilikuwepo. Akaipima kwa kalamu ile ile ya kwanza na kipimo cha kwenye mashine, akairudia.

"Halijakua," alisema. "Halijapungua pia. Kikohozi huenda kweli kilikuwa vumbi. Doa sijui. Likiwa ni ule ugonjwa, ningetarajia liwe limesogea kidogo, lakini siwezi kuapa. Rudi baada ya miezi sita."

"Sita?"

"Sita. Umepandishwa darasa."

Nilitoka nikasimama kwenye jua la Mtwara, kisha nikakaa kwenye ukingo wa maua. Nililia hapo, kilio kibaya cha makamasi, mbele ya wauza maji. Kilikuwa kilio cha hasira na cha furaha, na sikujali nani ananiangalia. Nilipomaliza nikanunua maji, nikanawa uso, nikaenda stendi.

*

Dada alikuwa barazani nilipofika, amekaa kwenye kile kiti cha mgongo yeye mwenyewe. Hakuinuka. Alinisubiri nifike karibu.

"Wamesemaje?"

"Halijakua. Halijapungua."

"Kwa hiyo ni nini?"

"Hawajui, dada. Sijui. Nirudi baada ya miezi sita."

Nilijiandaa kwa kilio chake au kwa haleluya yake, maana vyote nilikuwa na majibu yake. Akahesabu kwa vidole, kimoja kimoja, kama alivyovipangusa siku ile.

"Mwezi wa nne."

"Wa nne."

"Kabla ya salfa."

"Kabla ya salfa."

Akainuka akaingia ndani. Nikasikia kifuniko cha sanduku la bati kikifunguka, nami nikajiambia kumbe hajaacha. Akatoka na bafta iliyobaki. Sikujua kuwa aliiokota siku ile chini ya cherehani. Alikuwa ameifua na kuipiga pasi, nyeupe kama za altare. Aliitandaza mbele yangu, akanipima nayo kwa macho kutoka begani kwenda chini. Iliishia magotini.

"Haikutoshi tena," alisema. "Na vijana wa jirani wanasema zile barakoa zimechakaa."

Akanipa ncha mbili za nguo, akavuta zake hadi ikanyooka kati yetu, akachomoa mkasi mfukoni mwa gauni.

"Kaza upande wako," akasema, na akaanza kukata.